UZI: Dawa ile ile ya kupevusha mayai, kwa nini kwako inagoma na kwa mwenzako inajibu kupita kiasi?

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Wadau wa jukwaa la afya, salaam.

Kuna jambo linajirudia sana kwenye nyuzi za humu. Dada anaandika "nimemeza Clomid na sijashika mimba, nifanyeje?" Chini yake wanajaa watu na dozi zao. Huyu anamwambia aongeze vidonge, yule ahamie letrozoli, mwingine anamwelekeza kwa mtu anayeuza sindano. Hakuna anayemuuliza tatizo lake ni lipi.

Mimi niko maabara, upande wa homoni. FSH, LH, estradioli (estrojeni kuu ya mwili) na wenzao ndiyo yanayopita mikononi mwangu kutwa nzima. Si daktari, simwandikii mtu dawa. Ila naona karatasi za wanawake wawili waliopewa dawa moja, dozi moja, na miili imejibu kana kwamba kila mmoja alipewa kitu chake. Sababu inaeleweka kabisa, na ndiyo ninayotaka tuijadili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Tuanze na mwili wenyewe. Ubongoni kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Inatoa homoni ya GnRH kwa mapigo, si kwa mfululizo. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko ni pigo moja kila dakika 60 hadi 90 hivi. Mapigo hayo yanaiamsha tezi ya pituitari, nayo inamwaga FSH na LH kwenye damu. FSH inakuza vifuko vya mayai kwenye ovari. LH inaziamuru seli za nje ya kifuko zitengeneze homoni za kiume (ndiyo, kila mwanamke anazo), kisha seli za ndani zikisukumwa na FSH zinazigeuza kuwa estrojeni. Estrojeni ikipanda, ubongo unaisoma na kupunguza FSH, ili kifuko kimoja kilichotangulia kiendelee na vingine vinyauke. Mwishoni LH inaruka juu ghafla, na yai linatoka takriban saa 36 tangu ianze kupanda.

Sasa angalia dawa zinapoingilia. Klomifeni, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Clomid na iliruhusiwa Marekani mwaka 1967, inaziba vipokezi vya estrojeni ubongoni. Ubongo unadhani estrojeni imekwisha, unapandisha FSH. Letrozoli inazuia kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, kwa hiyo estrojeni inashuka kweli na ubongo unajibu vilevile. Sindano za FSH zinauruka ubongo na kwenda moja kwa moja kwenye ovari.

Kila dawa inagusa sehemu moja na kutegemea nyingine ziwe nzima. Vidonge vinahitaji ubongo unaoweza kujibu. Sindano zinahitaji ovari yenye mayai. Kwa hiyo swali la dozi linakuja baadaye sana. La kwanza ni mawasiliano yamekatika wapi.

WHO waligawa matatizo ya yai kutotoka katika makundi matatu. La kwanza, ubongo hautoi amri: FSH chini, LH chini, estrojeni chini. La pili, amri ipo ila imepotoka. Hapa ndipo PCOS (ovari zenye vifuko vingi vidogo vilivyokwama) ilipo, na ndilo kundi kubwa kuliko yote, takriban 85 katika kila wanawake 100 wenye tatizo la yai kutotoka. La tatu, ubongo unapiga kelele na ovari haina cha kujibu: FSH juu, estrojeni chini. Prolaktini (homoni ya maziwa) iliyozidi huwekwa pembeni peke yake, nitaigusa.

Nianze na PCOS maana ndiyo inayoumiza vichwa humu.

Msoma Vipimo (mleta uzi)

PCOS. Inakadiriwa kuwapata takriban mwanamke mmoja katika kila 10 walio kwenye umri wa kuzaa. Mapigo ya GnRH yanakwenda haraka kuliko kawaida, na pituitari ikipigwa haraka hupendelea kutoa LH kuliko FSH. LH nyingi inazisukuma seli za nje ya vifuko zitoe homoni za kiume kwa wingi. Kama mwili unapambana na usugu wa insulini, insulini nayo inayozunguka kwa wingi inaongeza msukumo pale pale, tena inalifanya ini lipunguze kutengeneza ile protini inayozifunga homoni za kiume kwenye damu. Matokeo yake testosteroni huru inapanda: chunusi, ndevu kidevuni, hedhi inayokuja inapotaka yenyewe.

Kwenye ovari vifuko vinaanza vingi, vinafika milimita 5 hadi 8 hivi, vinasimama. Kila kimoja kinatoa AMH (homoni inayoonesha wingi wa vifuko), na AMH nayo inapunguza usikivu wa vifuko kwa FSH. Ndiyo maana mwenye PCOS anaonekana mgumu mwanzoni: dozi ndogo haigusi kitu. Ukiongeza kidogo tu kupita pale, vifuko vyote vilivyokuwa vinasubiri vinaamka kwa pamoja. Nafasi kati ya "hakuna kitu" na "vimezidi" ni nyembamba mno, na hapo ndipo ujuzi wa daktari unapoonekana. Mwenye subira anaanza na dozi ndogo ya sindano, yuniti 75 au chini yake, anakaa nayo hadi wiki mbili akiangalia ultrasaundi, kisha anapanda kwa nusu ya ampuli. Mwenye haraka anaanza juu.

Kuhusu vidonge: mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliowalinganisha wanawake 750 wenye PCOS. Waliotumia letrozoli, asilimia 27.5 walizaa mtoto hai. Wa klomifeni asilimia 19.1. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2018, na ule wa 2023 uliofuata, unaitaja letrozoli kuwa dawa ya kwanza. Ukifungua boksi ukasoma karatasi ya ndani utakuta saratani ya matiti. Usishtuke, dawa ilisajiliwa kwa ajili hiyo, kupevusha mayai ni matumizi yaliyokuja baadaye.

Chungu_Tamu

Mkuu unazunguka mno. Mdogo wangu alimeza Clomid mzunguko mmoja tu, mapacha hao, saa hizi wanakimbia uani. Hakupima AMH wala nini. Mambo ya maabara mengine ni kutafutiana pesa tu.

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Hongera kwa mdogo wako, kaka. Na wala hujanipinga. Wanaopewa klomifeni wakiwa na ubongo unaojibu na ovari zenye mayai, takriban watatu kati ya wanne mayai yao yanatoka. Mdogo wako alikuwa kati ya hao.

Na hao mapacha wana maelezo yao. Klomifeni inakaa mwilini muda mrefu, siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho bado imeziba vipokezi. Kifuko cha kwanza kinapotoa estrojeni kuuambia ubongo "inatosha, punguza FSH", ubongo hausikii. FSH inabaki juu, cha pili nacho kinakua. Mimba 7 au 8 katika kila 100 za klomifeni ni za mapacha. Letrozoli inatoka mwilini haraka, vipokezi viko wazi, ujumbe unafika na vifuko vya ziada vinanyauka.

Huko huko kuziba vipokezi ndiko kunakofanya baadhi ya wanawake wakae na ukuta mwembamba wa mji wa mimba na ute mkavu wanapotumia klomifeni. Yai limetoka vizuri, kitanda hakijatandikwa. Karatasi ya projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) inasoma vizuri na mimba haiji, mtu anachanganyikiwa.

Nuru_ya_Alfajiri

Kaka umenigusa pabaya. Mimi ni PCOS, AMH yangu ilikuwa 11. Kuna kliniki nilikwenda, wakasema nina "mayai mengi mazuri", wakanianzishia sindano kwa dozi ya juu. Siku za mwanzo ultrasaundi haikuonesha kitu, wakapandisha. Ghafla vifuko vimejaa pande zote mbili, hata mpimaji alikaa kimya anahesabu. Wakanichoma sindano ya mwisho hivyo hivyo.

Siku chache baadaye sketi haifungi. Nikadhani gesi. Mizani inapanda kila asubuhi na mimi sili, chakula chenyewe hakishuki. Mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Nilipolala chali nikaona pumzi haitoshi ndipo mume wangu akanibeba kunipeleka hospitali. Walinitoa maji tumboni. Nilikaa wodini nikijiuliza kama ningejua ningekubali.

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Pole sana dada Nuru. Hiyo ndiyo OHSS, yaani ovari kusisimuliwa kupita kiasi, na ulivyoieleza ni bora kuliko vitabu. Wasomaji wengine shikeni hizo dalili: tumbo kuvimba haraka, uzito kupanda ndani ya siku chache, kutapika, mkojo kupungua, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hapo hakuna kusubiri kesho wala kuuliza jukwaani.

Ile sindano ya mwisho ni hCG. Inafanya kazi ya LH, lakini LH ya mwili inaisha damuni haraka mno, ilhali hCG inakaa siku nyingi ikiendelea kuzisukuma ovari. Ovari zenye vifuko vingi zikisukumwa hivyo zinatoa kemikali iitwayo VEGF inayofanya mishipa midogo ya damu ivuje. Maji yanahama kutoka kwenye damu kwenda tumboni, damu inabaki nzito, hatari ya kuganda inapanda. Mimba ikiingia hali inazidi, maana mimba nayo inatoa hCG yake.

Kwenye IVF (yai kurutubishwa maabara) kuna njia ya kukwepa: badala ya hCG, daktari anatumia sindano ya agonisti ya GnRH, yaani dawa inayoiga GnRH, inayoifanya pituitari imwage LH yake mwenyewe, ikaisha haraka. Viinitete vinagandishwa, vinapandikizwa mwezi mwingine ovari zikishatulia. Mwenye PCOS na AMH kubwa anayeingia IVF aulize hili kabla ya sindano ya kwanza. Kliniki ikikunja uso kwa swali hilo, mimi ningeondoka.

kipepeo_mweusi

Samahani naomba nisomewe. Hedhi ilikata tangu nilipoanza mazoezi makali na kupunguza mwili, nilikuwa nakimbia kila siku na kula mara moja. Nimepewa Clomid, miligramu 50 ikaenda 100 ikaenda 150, hakuna kitu. Daktari anasema nina "usugu wa Clomid, ni PCOS". Majibu: FSH 1.8, LH 0.5, estradioli chini ya 20, prolaktini kawaida, TSH (ya tezi ya shingo) kawaida, AMH 3.1. Sina ndevu wala chunusi.

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Dada, asante kwa kuweka namba. Tuzisome taratibu.

Estradioli chini ya 20 maana yake ovari imelala. Kwa kawaida estrojeni ikishuka hivyo ubongo unapandisha FSH na LH kuiamsha. Za kwako zote ziko sakafuni. LH 0.5 sijaizoea kwa PCOS kabisa, huko nategemea LH iliyopanda au angalau ya wastani, na estrojeni ipo. AMH 3.1 inasema mayai yapo. Ovari ni nzima, anayepaswa kuiamuru amenyamaza. Ukijumlisha na kukimbia na kula mara moja, hili linanukia kundi la kwanza: haipothalamasi imezima mapigo kwa sababu mwili unaona hakuna akiba ya kulea mimba.

Sasa fikiria klomifeni inafanya nini kwako. Inaziba estrojeni isionekane ubongoni. Wewe estrojeni yenyewe huna. Inaziba nini? Letrozoli nayo ingepunguza kisichokuwepo. Kupanda hadi 150 kusingebadili kitu. Neno usugu lingefaa kwa mwenye PCOS aliyefika dozi hiyo na yai likagoma. Kwako dawa imekosa mahali pa kushika.

Mpelekee daktari wa homoni karatasi hizo, mwulize waziwazi kuhusu haipothalamasi, na kama kuna haja ya picha ya MRI ya kichwa kuhakikisha hakuna kitu kinachoibana pituitari. Kula na kupunguza kukimbia si ushauri wa kishangazi kwa hali yako, ndiyo tiba ya kwanza. Wengi hedhi inarudi yenyewe.

Mama_Wadi_Tatu

Naongezea kidogo, mimi ni muuguzi, nimefanya kazi na madaktari wa uzazi miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwanangu kipepeo, ikifika mahali pa sindano, mwenye hali hii hapewi FSH peke yake. Tuliwahi kuona: mgonjwa anachomwa FSH safi, vifuko vinakua vizuri kwenye ultrasaundi, milimita 17, 18, lakini estradioli haipandi, na ukuta wa mji wa mimba umebaki kama karatasi. Mpaka aongezewe LH, au atumie ile sindano ya hMG yenye zote mbili.

Na ile sindano ya agonisti aliyoitaja mleta uzi, kwa huyu binti haifai. Pituitari yake haina akiba ya kumwaga. Yeye anahitaji hCG, na projesteroni ya kumsaidia baada ya hapo. Ndiyo mjue kilichomwokoa mmoja kinaweza kumkosesha mwingine mzunguko mzima.

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Shikamoo mama. Hapo umenisaidia kuliko maandishi yangu yote ya juu. FSH inazipa seli za ndani uwezo wa kugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, lakini bila LH seli za nje hazileti malighafi. Kifuko kinakua, estrojeni haipo. Mwenye PCOS hilo halimpati, LH anayo ya kugawa.

Ipo pia pampu ya GnRH, inachoma kidogo kidogo kila dakika 60 hadi 90 kuiga mapigo yenyewe. Ikitumika kwa pituitari iliyo nzima, mwili unajiongoza wenyewe na kwa kawaida linatoka yai moja. Tatizo ni kuipata, nchi nyingi haipo.

Mama_Wadi_Tatu

Marahaba mwanangu.

Mume_Mvumilivu

Wakuu, mke wangu hedhi zinachelewa, na akiminya matiti yanatoa maziwa ilhali hatuna mtoto. Amepewa Clomid. Prolaktini haikupimwa. Tuendelee?

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Kaka, mwombe daktari apime prolaktini na TSH kabla ya kidonge kingine. Prolaktini ikizidi inayabana mapigo ya GnRH kule juu kabisa, na vidonge vya kupevusha mayai vinasukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Tiba inakuwa kabergolini au bromokriptini. Ikishuka, wengi mayai yanaanza kutoka bila dawa nyingine.

Ila msikimbilie kabergolini kwa namba moja. Prolaktini inapanda kwa wasiwasi tu wa sindano, na kwa kuyaminya matiti, kwa hiyo mwambie aache kuyajaribu. Inapandishwa na dawa: metoklopramidi ya kutapika, na nyingi za magonjwa ya akili. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango nayo inaipandisha, na hapo tiba ni ya tezi. Halafu kuna makroprolaktini: prolaktini iliyojifunga kwenye kingamwili ikawa molekuli kubwa isiyofanya kazi yoyote mwilini, lakini mashine yangu inaihesabu. Nimeona mtu mwenye namba ya kutisha, hedhi yake kama saa, hana dalili hata moja. Tukaitenganisha, prolaktini halisi ilikuwa ya kawaida. Kwa shemeji mwenye maziwa na hedhi iliyochelewa sidhani kama ndiyo hiyo, lakini maabara inaweza kuombwa iangalie.

Na wewe umepima mbegu? Nauliza tu.

Mume_Mvumilivu

Bado mkuu.

Chungu_Tamu

😂😂 Hapo umempiga.

Zuhura_wa_Mbali

Mimi nina endometriosisi, ile tishu kama ya ukuta wa mji wa mimba kuota nje yake. Nilikuwa na uvimbe wa damu nzito kwenye ovari zote mbili, nikafanyiwa upasuaji kuutoa. AMH kabla 1.9, baada ya upasuaji 0.7. Sasa IVF, dozi ya juu kabisa, mayai matatu tu. Wifi yangu ananiambia mbona yeye na dozi nusu ya hiyo alipata kumi na tano.

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Dada Zuhura, pole. Wifi yako na wewe hamlinganishiki hata kidogo.

Kwenye endometriosisi ubongo wako kwa kawaida uko sawa, amri inafika. Kinachopungua ni vifuko vya kuitikia. Ule uvimbe wenyewe unaiumiza tishu ya ovari iliyo jirani, na upasuaji wa kuumenya unaondoka na sehemu ya tishu nzuri, hata kwa mikono mizuri. Ndiyo maana siku hizi mwenye uvimbe pande zote mbili na AMH iliyokwisha kushuka anashauriwa afikirie sana kabla ya kukatwa kwa sababu ya IVF peke yake, isipokuwa kama maumivu ni makali au mayai hayafikiki kwa sindano. Wewe limeshafanyika, na inawezekana maumivu hayakukupa hiari.

FSH haitengenezi mayai. Inaokoa vifuko vilivyojitokeza mwezi huo, ambavyo vingenyauka. Vikijitokeza vinne, hata umwage ndoo nzima ya dawa ni vinne. Kupandisha dozi juu ya yuniti 300 hivi mara nyingi kunaongeza gharama kuliko mayai. Kwa hiyo matatu kwa AMH ya 0.7 si kwamba mwili wako umegoma, umetoa ulichokuwa nacho. Na AMH inahesabu wingi, haisemi ubora. Huo unategemea zaidi umri.

Lipo na la upande wa pili: vidonda vya endometriosisi vina kimeng'enya kile kile cha kutengeneza estrojeni, kwa hiyo vinajilisha vyenyewe, na tishu yake haiisikii projesteroni vizuri. Utaona projesteroni nzuri kwenye karatasi na mwili hauiitikii ipasavyo. Hiyo mimi kwa damu siwezi kukupimia.

Nuru_ya_Alfajiri

Na wale kundi la tatu? Kuna rafiki yangu ana 34, FSH 60 na kitu, kliniki inataka aanze sindano.

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Sindano ya FSH kwa mtu ambaye FSH yake mwenyewe ni 60? Ovari yake imeshaogeshwa na FSH kuliko dozi yoyote watakayompa, na haijaitika. Chini ya miaka 40, hedhi imekata kwa miezi kadhaa na FSH juu ya 25, hiyo ni ovari kuchoka mapema. Kukiwa na shaka arudie kipimo. Wachache ovari hushtuka mara moja moja, yai likatoka, hata mimba ikaingia bila dawa yoyote, na ndipo wauza dawa wa mitandaoni wanapopata ushuhuda wao. Njia yenye matumaini makubwa ni yai la kuchangiwa. Ni habari nzito, apewe na daktari aliyekaa kitako, si kwenye ukumbi wa mapokezi. Na hata asipotaka mtoto anahitaji homoni za kulinda mifupa na moyo mpaka umri wa kawaida wa kukoma hedhi.

Mama_Wadi_Tatu

Msisahau wenye tezi ya shingo. Anayemeza levothairoksini (kidonge cha homoni ya tezi) akianza sindano, estrojeni inapanda kupita kawaida kwa mbali, protini inayobeba homoni ya tezi inaongezeka damuni, na homoni huru inapungua. TSH iliyokuwa nzuri mwanzoni inaweza kupanda katikati ya matibabu. Mtu mwenye tezi nzima inajiongeza yenyewe. Huyu tezi yake haiwezi, mpaka daktari aongeze kidonge. Ipimwe tena, msitegemee karatasi ya miezi iliyopita.

lulu_ya_pwani

Natumia ile stiki ya kupimia LH nyumbani. Mimi PCOS. Mistari inakolea karibu kila siku. Ina maana yai linatoka kila siku? Nisaidieni kabla sijamchosha mume wangu.

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Mwache apumzike, dada 😄. Stiki inasoma LH ikipita kiwango fulani. Kwako LH iko juu siku zote, inakolea bila yai kutoka. Na ukipima mapema mno baada ya kidonge cha mwisho cha klomifeni, inakolea pia kwa sababu dawa imepandisha LH. Ultrasaundi ni rafiki yako zaidi.

Kwenye mambo ya karatasi kudanganya, nina mawili. Aliyechomwa hCG asipime mimba mapema, anaweza kuona mistari miwili ya dawa kwa siku kumi na zaidi, akafurahi, halafu ikafifia akadhani imetoka. La pili, vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini. Mashine nyingi za homoni zinatumia biotini ndani ya kipimo chenyewe. Ukiwa nayo nyingi damuni, FSH, LH, TSH na prolaktini zinaweza kusoma chini ya ukweli, na estradioli, projesteroni na testosteroni zikasoma juu. Daktari akapanga dozi kwa namba za uongo. Acha siku mbili tatu kabla ya kutoa damu, na useme unavitumia. Hatuulizi mara nyingi, tunapaswa.

kipepeo_mweusi

Nimepata miadi na daktari wa homoni. Nimechapisha majibu yote. Mama Wadi asante, nimeandika hilo la LH kwenye daftari. Swali la mwisho: nikianza tiba wataniambia projesteroni "siku ya 21". Mimi hata mzunguko sina, siku ya 21 ya nini?

Msoma Vipimo (mleta uzi)

Swali zuri sana. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kinachotafutwa ni wiki moja baada ya yai kutoka, ambayo ni wiki moja kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 35 anatoa damu siku ya 28. Wewe utakuwa unafuatiliwa kwa ultrasaundi, kwa hiyo hesabuni siku saba tangu yai lilipotoka. Projesteroni ikiwa juu ya nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Ila ukishaanza kutumia projesteroni ya dawa kipimo hicho hakisemi tena kitu kuhusu yai, usikilipie.